UZI: Walitupa chai ya bei rahisi. Jinsi kinyongo cha walowezi wa Amerika dhidi ya Mwingereza kilivyoishia kwenye uhuru wa 1776

#1 Kalamu Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Ukimuuliza mtu kwa nini makoloni 13 ya Amerika yaliachana na Uingereza, utajibiwa "kodi ya chai ilipanda". Haikupanda. Chai iliyomwagwa baharini Boston tarehe 16 Desemba 1773 ilikuwa na bei ya chini kuliko ile ya Kampuni ya India ya Mashariki ya Uingereza waliyokuwa wakinunua kabla. Ushuru wake ulikuwa peni 3 kwa ratili, uleule wa tangu 1767. Sasa mtu anatupaje bidhaa iliyoshuka bei? Uzi huu unajibu hilo. Nakwenda kwa mpangilio wa miaka, mwenye nyongeza au masahihisho aweke.

Ili tusipotezane kwenye hesabu: peni 12 ni shilingi 1, shilingi 20 ni pauni 1.

Hali ilivyokuwa kabla ya 1763. Kila koloni lilikuwa na gavana, mara nyingi ametumwa na mfalme, na baraza la kutunga sheria lililochaguliwa na wenye mali wa pale. Baraza ndilo lililopitisha kodi za ndani, na sehemu nyingi ndilo lililopiga kura ya mshahara wa gavana, mwaka hadi mwaka. Gavana akiwa mkorofi, mshahara unachelewa. Kamba hiyo ya mfukoni ishikeni vizuri, nitairudia.

Biashara ya nje ilibanwa na sheria za London tangu karne ya 17: tumbaku ya Virginia haiendi Ulaya moja kwa moja, lazima ipitie Uingereza. Lakini usimamizi ulikuwa legelege. Mfano mzuri ni molasi, yaani masalia mazito ya sukari ya miwa yanayotengenezewa ramu. Sheria ya 1733 iliweka peni 6 kwa kila galoni ya molasi kutoka visiwa vya Wafaransa. Viwanda vya ramu vya New England (makoloni ya kaskazini, kama Massachusetts) visingeweza kuishi na kiwango hicho, kwa hiyo kumpoza afisa wa forodha kulikuwa nafuu kuliko kulipa. Watu walizoea hivyo kwa miaka 30.

Deni. Vita vya Miaka Saba viliisha 1763. Uingereza iliinyang'anya Ufaransa Kanada, lakini deni la taifa lilipaa kutoka karibu pauni milioni 75 hadi zaidi ya milioni 120. Riba tu ilikula zaidi ya pauni milioni 4 kwa mwaka. Juu ya hapo serikali ikaamua kubakiza askari kama 10,000 Amerika. Waziri Mkuu George Grenville akasema: wanaolindwa nao wachangie ulinzi. Ukisoma ukiwa umekaa London, ni hoja ya haki kabisa.

Hatua alizochukua:

1764, Sheria ya Sukari. Ushuru wa molasi ulishuka kutoka peni 6 hadi 3. Umeshuka, ndiyo! Ila safari hii ilikusudiwa ulipwe kweli. Manowari zikapewa kazi ya doria, makaratasi ya mizigo yakaongezwa, na kesi za magendo zikaruhusiwa kupelekwa mahakama za bahari, ambako jaji huamua peke yake bila wananchi wa kuamua kesi pamoja naye. Mfanyabiashara wa Boston angeweza kujikuta anafuata meli yake iliyokamatwa hadi Halifax, Nova Scotia.

1764 hiyohiyo, Sheria ya Fedha: makoloni yakazuiwa kutoa noti mpya za karatasi za kulipia madeni. Sarafu zilikuwa adimu tayari.

1765, Sheria ya Stempu. Ilipitishwa tarehe 22 Machi ianze 1 Novemba. Hapa ndipo moto ulipowaka, na nitaingia ndani kidogo kwa sababu wengi wanadhani ni stempu za barua.

Ilikuwa alama iliyokandamizwa kwenye karatasi yenyewe, na karatasi hiyo ilitoka London na kulipiwa kwa fedha ya Kiingereza, si noti za koloni. Gazeti la nusu karatasi, nusu peni. Karatasi nzima, peni 1. Kila tangazo ndani ya gazeti, shilingi 2. Pakiti ya karata, shilingi 1. Jozi ya dadu, shilingi 10. Cheti cha chuo, pauni 2. Leseni ya uwakili, pauni 10. Hati za ardhi, mikataba, wosia, makaratasi ya meli, leseni za kuuza pombe, vyote vilikuwamo. Hazina ilitarajia kama pauni 60,000 kwa mwaka.

Ukiangalia orodha hiyo, Grenville aliwachokoza kwa mpigo mmoja mwenye gazeti, wakili na mwenye kilabu cha pombe. Yaani anayeandika, anayesema, na mwenye nyumba ambamo watu hukaa kusikiliza.

Narudi na jinsi walivyoiua.

#2 Mkoba wa Hesabu

Nipo mstari wa mbele. Swali dogo: Mwingereza wa kwao alikuwa analipa stempu hizohizo, na kwa kichwa alilipa kodi nyingi kuliko mlowezi. Sasa walalamikaji walikuwa na hoja gani zaidi ya ubahili?

#3 Kalamu Kavu

Mkuu, ni kweli, alilipa nyingi zaidi, tena kwa mbali. Hoja ya walowezi haikuwa ukubwa wa kodi. Ilikuwa nani ana haki ya kuitoza.

London ilijibu kwamba mbunge huwakilisha dola nzima, si jimbo lake tu. Wakatoa mfano wa Manchester na Birmingham, miji mikubwa isiyokuwa na mbunge hata mmoja, na bado inalipa. Thomas Whately, aliyeshughulika na kuiandaa Sheria ya Stempu, ndiye aliyeiandika hoja hiyo kwa ufasaha.

Jibu lililoivunja lilitoka kwa Daniel Dulany, wakili wa Maryland. Kwa maneno yangu: mbunge akiitoza Manchester, kodi hiyo inampata yeye mwenyewe, na jirani yake, na mpangaji wake. Atafikiri mara mbili. Akiitoza Amerika, yeye inampunguzia mzigo. Kila shilingi itakayotoka Boston ni shilingi isiyotoka kwake. Sasa mtu wa namna hiyo atakuwakilishaje?

#4 Kalamu Kavu

Naendelea. Jinsi Sheria ya Stempu ilivyouawa kabla haijaanza.

Udhaifu wake ulikuwa huu: kila koloni lilihitaji msambazaji mmoja wa karatasi, mtu mwenye jina na nyumba inayojulikana. Asipokuwepo, hakuna wa kuzigawa.

Boston, 14 Agosti 1765, asubuhi watu waliamka wakaona kinyago cha Andrew Oliver, msambazaji wa Massachusetts, kikining'inia kwenye mti mkubwa upande wa kusini wa mji. Jioni umati ukabomoa jengo lililosemekana kuwa ofisi yake ya stempu, ukaenda hadi nyumbani kwake. Kesho yake Oliver akaahidi kuachia ngazi. Makoloni mengine yakaiga. Kufikia 1 Novemba karibu wasambazaji wote walikuwa wamejiuzulu, na ni Georgia tu ambako stempu ziligawiwa, nako kwa muda mfupi.

Mambo pia yaliharibika. Tarehe 26 Agosti umati uliingia nyumba ya Thomas Hutchinson, naibu gavana, ukang'oa hadi kuta za ndani na kutawanya makaratasi yake. Matajiri waliokuwa wanashangilia wiki mbili nyuma wakaogopa. Kuanzia hapo viongozi wa Wana wa Uhuru, kundi lililoongoza upinzani huu, walijitahidi kuchagua nini kivunjwe na nini kisiguswe. Utaliona hilo usiku wa chai.

Oktoba wajumbe 27 wa makoloni 9 walikutana New York wakaandika malalamiko ya pamoja. Lakini kilichoitikisa London ni wafanyabiashara zaidi ya 200 wa New York waliosimamisha oda zao za bidhaa za Uingereza, wakifuatiwa na Philadelphia na Boston. Wenye viwanda wa Uingereza wenyewe ndio waliokwenda Bungeni kulia. Sheria ikafutwa tarehe 18 Machi 1766.

Siku hiyohiyo Bunge likapitisha Sheria ya Tamko: kwamba lina mamlaka ya kuyatungia makoloni sheria katika jambo lolote lile. Amerika walipiga kengele na kunywa, wengi hawakuitilia maanani hiyo karatasi ya pili.

#5 Ngalawa Mbili

Uzi umeshiba. Sahihisho moja, Kalamu, kuhusu kamba ya mfukoni. Virginia haikuwa hivyo. Kule mshahara wa gavana ulitoka kwenye ushuru wa kudumu wa shilingi 2 kwa kila pipa kubwa la tumbaku linalosafirishwa, mpango wa tangu karne ya 17. Baraza la Virginia halikuwa na cha kumnyima. Massachusetts na New York ndiko kamba ilikokaza.

Na hili linasaidia hoja yako. London ilitazama Virginia ikaona gavana asiyeomba omba, ikataka kote kuwe hivyo.

#6 Kalamu Kavu

Shukrani mkuu, nimepokea. Na hapo ndipo anapoingia Charles Townshend, waziri wa fedha wa Uingereza, 1767.

Aliweka ushuru kwenye vioo, risasi (madini), rangi, karatasi na chai vinavyoingia Amerika. Mapato yaliyokadiriwa ni kama pauni 40,000 tu kwa mwaka. Kwa deni la milioni zaidi ya 120, hizo ni za kununulia njugu. Kwa hiyo tazama matumizi: sheria ilisema fedha hizo zinaweza kulipa mishahara ya magavana na majaji. Kwa lugha ya mtaani, kamba inakatwa. Gavana hatahitaji tena kura ya baraza, na jaji vilevile.

Pia iliundwa bodi ya forodha yenye makao Boston. Ilipokamata meli *Liberty* ya John Hancock, mfanyabiashara tajiri wa Boston, Juni 1768, mji ulilipuka na makamishna wakakimbilia majini. London ikatuma askari, wakashuka tarehe 1 Oktoba 1768 katika mji wenye wakazi kama 16,000.

Watu husahau upande wa vibarua hapa. Mshahara wa askari ulikuwa mdogo, na akiwa nje ya zamu aliruhusiwa kutafuta kazi. Alikubali ujira mdogo kuliko mwenyeji. Tarehe 2 Machi 1770 askari mmoja alikwenda kuomba kibarua kwenye kiwanda cha kusokota kamba cha John Gray, akatukanwa, akarudi na wenzake, wakapigana kwa marungu. Siku tatu baadaye, usiku wa tarehe 5, baadhi ya watu walewale walikuwa mtaa wa King wakati askari walipofyatua. Watu watano walikufa, akiwemo Crispus Attucks, baharia mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Amerika.

John Adams, ambaye baadaye alikuwa rais, ndiye aliyewatetea askari mahakamani. Kapteni Preston, mkuu wao, na askari sita waliachiwa, wawili wakapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia na kuchomwa alama kwenye dole gumba.

Na siku hiyohiyo ya 5 Machi, ng'ambo ya bahari, Waziri Mkuu Lord North alikuwa akipendekeza ushuru wa Townshend ufutwe wote isipokuwa wa chai. Alibakiza chai makusudi, ili haki ya kutoza ibaki imesimama hata kama ni kwa mguu mmoja.

#7 Bahasha Nyekundu

Tufike kwenye chai sasa, tumesubiri.

#8 Mkoba wa Hesabu

Naomba hii niichukue mimi, ni hesabu.

Kampuni ya India ya Mashariki ilikuwa na ratili kama milioni 17 za chai zimelala maghalani London mwaka 1773, na madeni mpaka shingoni. Kwa utaratibu wa zamani ililazimika kuuza kwa mnada London. Dalali ananunua, anamuuzia msafirishaji, msafirishaji anamuuzia tajiri wa Boston, naye anamuuzia muuza duka. Kila mmoja anaweka chake. Wakati huohuo chai ya magendo kutoka Uholanzi inaingia usiku bila ushuru wowote.

Sheria ya Chai ya Mei 1773 ilifanya mambo mawili. Iliirudishia kampuni ushuru uliolipwa chai ilipoingia Uingereza, na iliiruhusu kusafirisha yenyewe hadi kwa mawakala wachache iliowachagua Amerika. Madalali nje. Bei ikashuka. Peni 3 za Townshend zikabaki.

Waliokasirika wa kwanza ni wafanyabiashara waliorukwa, pamoja na wauza magendo. Hilo lazima tulikubali, haikuwa falsafa tupu. Mawakala wa Boston walikuwa nani? Miongoni mwao ni watoto wawili wa Thomas Hutchinson, ambaye sasa ni gavana kamili. Na tangu 1772 mshahara wa Hutchinson haukupitia tena barazani. Ulilipwa na mfalme, kutoka kwenye mapato ya ushuru wa chai.

Sasa unganisha nukta. Ukinunua ratili moja ya chai rahisi, umepata nafuu kidogo, na umechangia peni 3 za kumlipa gavana ambaye baraza lako haliwezi tena kumgusa, huku faida ikienda kwa wanawe.

#9 Ngalawa Mbili

Naongeza kwa nini Boston ilimwaga wakati Philadelphia na New York meli zilirudishwa tu salama. Jibu liko kwenye kanuni za forodha.

Meli ikishaingia rasmi bandarini, ushuru lazima ulipwe ndani ya siku 20, la sivyo forodha inakamata shehena na kuiuza. Na haiwezi kuondoka na mzigo bila kibali. *Dartmouth* iliingia tarehe 28 Novemba, kwa hiyo mwisho ulikuwa 17 Desemba. Kule Philadelphia meli *Polly* ilizuiwa mtoni kabla ya kuingia rasmi, ikageuza. Charleston chai ilishushwa na kufungiwa ghalani. Boston walimwomba Hutchinson kibali hadi jioni ya tarehe 16, akakataa, na ngome ya Castle William ingepiga meli yoyote inayotoka bila karatasi. Wangelala usiku ule, asubuhi chai ingekuwa mikononi mwa forodha na hatimaye ingelipiwa ushuru.

Kazi yenyewe ilichukua kama saa tatu kwenye gati la Griffin: meli tatu (*Dartmouth*, *Eleanor*, *Beaver*), makasha karibu 340, zaidi ya ratili 92,000, ambazo ni kama tani 42. Thamani iliyodaiwa na kampuni ni pauni 9,659. Chai yote ni ya China, nyingi ni Bohea (aina ya chai nyeusi), si ya India kama wengi wanavyodhani. Kasha likipandishwa kwa kapi hadi sitahani linapasuliwa kwa shoka, chai inamwagwa, kisha kasha lenyewe linatupwa. Kasoro ilikuwa maji: bahari ilikuwa imekupwa. Chai ikarundikana kando ya meli kama majani makavu, ikabidi vijana waingie kuisukuma isambae. Mali nyingine haikuguswa. Kufuli moja la nahodha lilivunjwa, likarudishwa jingine.

Somo la nyumba ya Hutchinson ya 1765 lilikuwa limeingia.

#10 Bahasha Nyekundu

Mnanogesha, lakini mnawapamba. Walowezi hawa waliokuwa wanalia "tunafanywa watumwa" walikuwa na watumwa wa kweli karibu nusu milioni katika watu milioni mbili na nusu. Na mbona hakuna aliyetaja ardhi? Tangazo la mfalme la Oktoba 1763 lilizuia walowezi kuvuka milima ya Appalachia. Akina George Washington walikuwa na madai ya ardhi ng'ambo ya milima. Wakulima wakubwa wa tumbaku walidaiwa na maduka ya London na Glasgow. Tuseme ukweli.

#11 Kalamu Kavu

Hoja nzito na sipingi. Ila tuipange kwa sehemu na wakati.

Ardhi na madeni vilisukuma Virginia kuliko Massachusetts. Tangazo la 1763 halikuwazuia wahamiaji sana, walivuka tu. Liliwaumiza zaidi walanguzi wa ardhi, kwa sababu bila hati ya serikali huwezi kuuza viwanja.

Utumwa uliamua mambo hasa Novemba 1775. Gavana wa Virginia, Lord Dunmore, akiwa amekimbilia melini, alitangaza uhuru kwa watumwa wa waasi watakaojiunga na jeshi la mfalme. Mamia walimfuata haraka. Wenye mashamba waliokuwa wanasitasita wakaruka upande wa uasi. Jefferson alijaribu kumlaumu mfalme kwa biashara ya watumwa katika rasimu ya Azimio la Uhuru. Kongresi, yaani mkutano wa wajumbe wa makoloni, ikakikata kifungu hicho. Kilichobaki ni lawama kwamba mfalme amechochea maasi ya ndani.

Na waliokimbilia upande wa Mwingereza, kama 3,000 walipelekwa Nova Scotia 1783, wakapewa ardhi mbovu na ahadi nyingi. Mwaka 1792 kama 1,200 wao walivuka kwenda Sierra Leone na kuanzisha Freetown. Kwa hao, uhuru ulikuwa upande wa pili wa vita.

#12 Mkoba wa Hesabu

Kalamu, kuna kitu hujagusa. Kinyongo kilikuwepo tangu 1764. Kilichobadilika 1774 ni nini?

#13 Kalamu Kavu

Kamati. Kwangu hii ndiyo sehemu tamu kuliko chai.

Kwanza London ilijibu chai kwa sheria za adhabu za 1774. Bandari ya Boston ikafungwa kuanzia 1 Juni hadi chai ilipwe. Katiba ya Massachusetts ikabadilishwa: baraza la juu lateuliwe na mfalme, mji ufanye mkutano mmoja tu kwa mwaka bila idhini ya gavana, na wazee wa kuamua kesi wachaguliwe na sherifu. Walidhani wataitenga Boston. Makoloni mengine yakasoma na kujiuliza: kama katiba ya Massachusetts inafutwa kwa kura moja, yetu je? Mchele, ngano na kondoo vikaanza kuelekea Boston kwa njia ya nchi kavu.

Septemba 1774 Kongresi ya kwanza ilikaa Philadelphia, makoloni 12, Georgia haikuja. Walikuwa na funzo baya nyuma yao: mgomo wa kususia bidhaa wa 1768 hadi 1770 ulikufa kwa sababu kila bandari ilikuwa na mkataba wake. New York ilipojitoa Julai 1770, Philadelphia na Boston waliona wanawaachia wenzao soko. Safari hii waliandika mkataba mmoja, wenye tarehe na adhabu:

Bidhaa za Uingereza marufuku kuanzia 1 Desemba 1774. Mauzo kwenda Uingereza yasimame 10 Septemba 1775, ikibidi. Kwa nini pengo? Virginia ilitaka kwanza iuze tumbaku iliyokuwa tayari. South Carolina ikagoma mpaka mchele wake ukasamehewa. Umoja ulinunuliwa, haukushuka kutoka mbinguni.

Mzigo ukifika kati ya 1 Desemba na 1 Februari, mwenyewe anachagua moja kati ya matatu: aurudishe, aukabidhi kamati uhifadhiwe kwa hasara yake, au kamati iuuze, arudishiwe gharama zake na faida iende kwa maskini wa Boston. Baada ya 1 Februari unarudishwa bila kufunguliwa.

Kondoo wasichinjwe ovyo, sufu inahitajika kwa nguo. Mashindano ya farasi, kupiganisha majogoo na tamthilia vikome. Msibani hakuna kugawa glavu na vitambaa; utepe mweusi mkononi unatosha.

Na kifungu cha 11: kila wilaya, jiji na mji uchague kamati ya kuangalia mwenendo wa watu. Mvunjaji jina lake linachapwa gazetini na hakuna wa kufanya naye biashara tena.

Hapo ndipo hasira ilipogeuka serikali. Kamati zilikagua madaftari ya maduka, zikapanga bei, zikasimamia mgambo. Maelfu ya watu wa kawaida, mafundi na wakulima, wakaingia kwenye uongozi kwa mara ya kwanza. Gavana bado yupo kwenye jumba lake, lakini ukitaka ruhusa ya kushusha mzigo unakwenda kwa kamati. Mauzo ya Uingereza kwenda makoloni hayo yalianguka kwa zaidi ya asilimia 90 mwaka 1775.

Uonevu nao ulikuwepo. Watu walipakwa lami na manyoya kwa neno moja la kilabuni, na wapo waliolipa visasi vya mashamba kwa jina la kamati. Wakimbizi watiifu kwa mfalme, kama 60,000 hadi mwisho wa vita, hawakukimbia hewa.

#14 Ngalawa Mbili

Toka hapo mambo yalikwenda mbio. Jenerali Gage, mkuu wa askari wa mfalme Boston, aliona baruti inakusanywa vijijini, akatuma askari kama 700 kwenda Concord usiku wa 18 Aprili 1775. Asubuhi ya tarehe 19 pale Lexington wanamgambo 8 waliuawa. Wakati wa kurudi Boston askari wa mfalme walipigwa kutoka nyuma ya kuta za mawe njia nzima, wakapoteza 273 kati ya waliokufa, kujeruhiwa na kupotea.

Hata hivyo uhuru haukutangazwa kwa zaidi ya mwaka. Wengi waliamini mbaya ni Bunge na mawaziri, mfalme hana habari. Julai 1775 walimwandikia ombi la amani. Hakulipokea, na Agosti akawatangaza waasi. Desemba Bunge likaruhusu meli zao zote zikamatwe kama za adui. Kisha zikaja habari za askari wa kukodiwa kutoka Ujerumani. Katikati ya hayo, Januari 1776, kijitabu cha Thomas Paine kilichoitwa *Common Sense* kikasema bila kung'ata maneno kwamba tatizo ni ufalme wenyewe.

Kura ya uhuru ilipigwa tarehe 2 Julai: makoloni 12 ndiyo, New York haikupiga. Tarehe 4 ni ya kupitisha maandishi. Sahihi nyingi ziliwekwa 2 Agosti.

Tarehe 9 Julai watu wa New York waliangusha sanamu ya Mfalme George III iliyotengenezwa kwa madini ya risasi. Vipande vikapelekwa Litchfield, Connecticut, vikayeyushwa, zikatoka risasi 42,088. Hesabu ilitunzwa.

#15 Bahasha Nyekundu

Kanada na Jamaica zilikuwa chini ya Mwingereza huyohuyo. Mbona hazikuasi?

#16 Ngalawa Mbili

Jamaica na Barbados: idadi ya watumwa ilikuwa mara kadhaa ya ile ya mabwana, kwa hiyo mabwana waliihitaji manowari ya mfalme mlangoni. Tena soko la sukari yao lililindwa London. Quebec, yaani Kanada ya Wafaransa: sheria ya 1774 iliwapa Wakatoliki wa Kifaransa dini yao na sheria zao za madai, wakati walowezi wa Boston walikuwa wakiwatukana kwa dini hiyohiyo. Waamerika walipoivamia Quebec tarehe 31 Desemba 1775 walipigwa kwenye theluji.

#17 Sandarusi

Nachomekea cha kwetu. Chini ya Mwingereza, biashara ya mashariki ya Rasi ya Tumaini Jema ilikuwa ya Kampuni ya India ya Mashariki, mlowezi hakuruhusiwa. Baada ya uhuru kizuizi kikaondoka. Mwaka 1784 meli *Empress of China* ilitoka New York kwenda Canton kufuata chai yenyewe. Na watu wa Salem, Massachusetts, bandari jirani na Boston, wakasogea hadi Zanzibar. Mkataba na Sayyid Said ulitiwa sahihi 1833, na konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mtu wa Salem, akafika 1837. Walileta bafta ngumu ya pamba, wakachukua pembe za ndovu na sandarusi. Ndiyo hiyo bibi zetu waliyoiita merikani.

#18 Mkoba wa Hesabu

Safi sana. La mwisho kutoka kwangu: zile peni 3 zilifutwa lini?

#19 Kalamu Kavu

Mwanzoni mwa 1778. Baada ya jeshi la Jenerali Burgoyne wa Uingereza kusalimu amri Saratoga, Oktoba 1777, Bunge lilifuta ushuru wa chai na kutamka kwamba halitayatoza tena makoloni kodi ya kujipatia mapato. Lile waliloombwa tangu 1765. Wakatuma tume ya Earl of Carlisle kupeleka habari hizo. Lakini tarehe 6 Februari Marekani na Ufaransa zilikuwa zimeshasaini mkataba wa kusaidiana vitani. Tume ilipofika Philadelphia mwezi Juni, ilikuta jeshi lao wenyewe linafungasha mizigo kuuhama mji.